Mkono wa Fundi na Wapangaji wa Sebuleni

Mikono yangu imeshika samaki tangu nikiwa msichana, na mpaka leo haina ubaya wowote ukiacha kucha fupi na makovu mawili matatu ya kisu. Mkono ulioharibika ulikuwa wa mume wangu, mtu ambaye samaki hamgusi hata akiwa amekaangwa, mpaka nimtolee miiba kwanza. Nikianza kumweleza mtu habari hii huwa naanzia hapo, maana hapo ndipo akili yangu ilipogoma.

Mume wangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima humwita Fundi, na mimi pia humwita hivyo, hata tukigombana. Anashona suti sebuleni kwetu, karibu na dirisha, na pua yake ni kali kuliko mkasi wake. Nikirudi sokoni napitia mlango wa nyuma. Nanawa kwa sabuni, halafu kwa limau, navua nguo za kazi naziacha kwenye ndoo uani, navaa gauni safi, ndipo naingia. Na bado. "Shombo," atasema, bila kuinua kichwa kwenye cherehani. Neno moja tu. Nilishazoea, na mara nyingi nilimjibu kwamba aliponichumbia nilikuwa na beseni la samaki kichwani, sasa sijui alidhani mle mna maua.

Sebuleni kulikuwa na vitu nilivyopigwa marufuku kuvigusa: vitambaa vya wateja, pasi, na lile sanduku la kioo alilopewa na dada yake. Wifi yangu huyo alilileta Fundi alipoambiwa presha imepanda. Alikuwa amesikia kwamba ukiwatazama wale viumbe wadogo wa rangi wakizungukazunguka majini, moyo unatulia. Mimi niliwaita wapangaji, maana walichukua sehemu nzuri kuliko zote ndani ya nyumba na hawakuchangia hata chumvi. Jina likashika. Wateja waliokuja kupimwa suruali waliuliza kama wapangaji hawajambo, na Fundi akafurahi kuliko akiulizwa habari zangu. Siku moja niliona jani limeelea humo, nikanyoosha mkono nilitoe. Akanidaka. "Mama, usiwatilie shombo, watakufa." Niliudhika, nikaenda zangu jikoni, na jani lao nikawaachia.

Basi ikatokea kinundu kwenye kidole cha Fundi, mkono wa kulia, kidole kile anachosukumia sindano. Kilikuwa chekundu cha kuelekea zambarau, kigumu, hakimuumi sana. Mwenyewe alikipuuza. Mimi ndiye niliyekishikia bango, na hapo ndipo nilipojichongea.

Sisi watu wa soko la samaki tuna ugonjwa wetu tunaoujua. Ukichomwa na pezi au mwiba ukapuuza, baada ya siku chache kidole kinavimba, kinageuka rangi ya zambarau, kinawaka moto usiku hulali. Unakwenda zahanati, wanakudunga sindano au wanakupa vidonge, kinakwisha, unarudi mezani. Nimeugua mimi, ameugua jirani yangu wa meza, hakuna anayepiga kelele. Tunauita kidole cha samaki, na hata wahudumu wa zahanati ya pale karibu wamezoea kutuona tukiingia tumenyoosha kidole kimoja. Kwa hiyo nilipokiona cha Fundi nikasema kwa majigambo ya mtu anayejua, "Hicho ni chetu. Hicho ni cha samaki."

Fundi akanitazama. "Mimi samaki nimemshika lini?"

Sikuwa na jibu. Lakini watu wengine walikuwa nalo tayari, na jibu lao lilikuwa mimi.

Zahanati walimpa vidonge vilevile wanavyotupa sisi. Akavimaliza, kinundu kikabaki kama hakijaambiwa kitu. Kikapasuka kidogo, kikatoa maji mazito, kikafunga. Halafu kikaota kingine nyuma ya kiganja, na kingine kwenye kifundo cha mkono. Vikapanda vimejipanga kwa mstari, kama vifungo vya koti, na kile kidole kikaanza kukataa kukunjika. Nilivitazama nikachanganyikiwa zaidi. Kidole cha samaki ninachokijua mimi kina haraka na kina maumivu. Hiki hakikuwa na haraka. Kilikuwa kinapanda taratibu kama mtu anayejua kwamba nyumba ni yake.

Wifi akaja. Ni mtu wa kuja akiwa ameshakata shauri njiani. Alikaa kwenye kiti kilicho karibu na wapangaji, akavitazama vile vinundu, akanitazama mimi, akavuta pumzi kwa pua ili nione kwamba anavuta. Alizungumza kirefu kuhusu taulo, kuhusu kitanda, kuhusu mtu anayeshinda na matumbo ya samaki kisha anakuja kumsongea mumewe ugali. Nilimwambia kwamba nimelala kitanda kimoja na kaka yake miaka yote ya ndoa na hajawahi kuota hata chunusi. Hakunisikiliza. Alipomaliza akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma:

"Wifi, kati ya samaki na mkono wa kaka yangu, wewe unachagua nini?"

Nikamgeukia Fundi, nikingoja aseme jambo. Alikuwa akijaribu kutia uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto. Hakusema kitu.

Ningejibu nini mimi? Mkono wake wa kulia ndio maisha yake. Tayari mteja mmoja alikuwa amekuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akisema atasubiri Fundi apone, na sote tulijua anakipeleka kwingine. Nilimwona Fundi akishika mkasi mkubwa, akaubana, ukafunguka wenyewe ukaanguka mezani. Alijifanya ameuweka. Usiku ule nilikubali. Nilikwenda sokoni asubuhi nikamwambia jirani yangu wa meza aishike meza yangu kwa muda. Akanionya kwamba mwenyekiti wa soko hapendi meza ikae bila mwenyewe, na kwamba miezi miwili ikiisha sijarudi, ataitoa kwa mtu mwingine na hatasikia hadithi. Nikasema najua. Nikakusanya visu vyangu nikavifunga kwenye gunia.

Nilidhani nimekata mzizi. Nikakaa nyumbani, mwanamke mzima, sijui mikono niiweke wapi. Fundi akahamishia godoro sebuleni, akasema ni kwa muda tu. Sahani yake ikawa mbali, kikombe chake mbali. Nikimpa chai naiweka mezani, nikiondoa mkono ndipo naye anaunyoosha wake. Nilinawa mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Wifi alichukua ubao wangu wa kupasulia akautupa, na aproni zangu akazichemsha kwenye sufuria mpaka zikawa matambara.

Na vinundu vikaendelea kupanda.

Hapo sasa ndipo niliposhindwa kabisa. Kama chanzo ni mimi, na mimi nimeacha, mbona haviachi? Nilimuuliza wifi, akasema shombo limeshaingia kwenye kuta. Nilimuuliza mhudumu wa zahanati, akabadilisha vidonge. Nilimuuliza Fundi mwenyewe, akasema labda ugonjwa umo kwenye damu, labda ni presha, labda ni ile pasi iliyomuunguza zamani. Kila mtu alikuwa na labda yake. Kila asubuhi nilikwenda dirishani nikaikagua mikono yangu, mbele na nyuma, mpaka kwapani, nikitafuta. Safi. Nitasema kweli, nilifika mahali nikatamani nitokwe na kinundu hata kimoja, ili angalau jambo lieleweke. Mtu aliyekosa na asiyeona kosa lake anachoka kuliko mgonjwa.

Fundi naye faraja yake ilikuwa wapangaji. Alikuwa hawezi tena kushona pindo, lakini alivuta kiti akakaa mbele ya kioo akawatazama. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja. Wale aliwapa mkono wake kila siku, na mimi hanigusi.

Mwishowe zahanati wakanyoosha mikono, wakatuandikia twende hospitali kubwa kwa daktari wa ngozi. Tulikwenda watatu, maana wifi hakukubali kubaki. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani, sauti ya chini. Alivibonyeza vinundu kimoja kimoja, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Mzee, kazi yako inahusiana na samaki?"

"Hapana daktari. Samaki siwagusi kabisa," alisema Fundi. "Mke wangu ndiye."

Wote watatu wakanigeukia. Nikainyoosha mikono yangu juu ya meza kabla sijaambiwa. Daktari aliigeuza, akaitazama kwa muda, akanirudishia. Akamuuliza Fundi kama aliwahi kupata kidonda au mchubuko kwenye ule mkono kabla ya kuanza kuvimba. Fundi akasema hapana, hajaumia popote. Daktari akaandika. Siku hiyo walimkata kipande kidogo cha nyama kwenye kinundu kimoja wakakipeleka maabara, wakatuambia tungoje kwa subira, maana kijidudu wanachokishuku huota polepole.

Subira ile sitaki kuikumbuka. Tuliporudi, daktari alituambia kwamba wameona kijidudu cha ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu.

Wifi alisogeza kiti chake. Nilisikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu. Akauliza akiwa na kitambaa mdomoni kama kaka yake ana kifua kikuu cha mkono, na kama samaki wa sokoni wanakohoa. Daktari hakucheka. Alisema mapafu ya Fundi ni safi, picha imeonyesha, na kwamba huyu ni ndugu wa mbali wa kile kijidudu, huyu anaishi majini.

"Majini wapi?" nikauliza. "Maji ya bomba?"

"Hapo ndipo na mimi sijaelewa, mama," alisema daktari. Akavua miwani. "Huwa tunakiona kwa watu wanaotia mikono mahali penye samaki. Wewe ndiye wa samaki, na wewe ndiye mzima."

Kusikia daktari naye haelewi kulinipa nafuu ya ajabu. Kumbe si mimi tu. Kisha daktari akauweka mkono wa Fundi juu ya kitambaa safi, akamwambia amweleze siku yake ya kawaida, tangu anaamka, asiruke kitu hata kama ni kidogo.

Fundi alianza kwa aibu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Naamka. Nanawa uso. Nawapa wapangaji chakula. Nakunywa chai, nakaa kwenye cherehani..."

"Una wapangaji unaowalisha?"

Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Tangu niache meza yangu nilikuwa sijacheka. Fundi akaeleza kwamba si watu, ni wale wa kwenye sanduku la kioo, zawadi ya dada yake huyu hapa.

Daktari aliiweka kalamu chini. "Hao wapangaji ni samaki?"

Tukatazamana, mimi na Fundi. Mtu asiyetujua atasema tulikuwa tunaficha, au tuna akili za kuku. Lakini naapa kwamba neno hilo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu juu ya wale viumbe. Kwangu mimi samaki ni yule mwenye uzito, anayelazwa kwenye barafu, anayeparwa magamba, anayetolewa matumbo, mtu akaenda kumla. Wale wa kwenye kioo hata paka asingeshukuru. Na kwa Fundi samaki ni kitu kinachonuka na kinachokuja na mke wake kwa mlango wa nyuma. Wale hawakunuka. Wale walikuwa pambo, walikuwa dawa ya presha.

"Ndiyo," alisema Fundi, kwa sauti ya mtu aliyekutwa. "Ni samaki."

"Nani anayewasafishia?"

"Mimi mwenyewe." Akaonyesha, mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, namna anavyosugua kioo kwa ndani na kupangua vijiwe vya chini.

"Na uliniambia hukuwa na kidonda."

"Sikuwa nacho."

Daktari akakishika kile kidole, akakigeuzia kwenye mwanga. Ncha yake imejaa matundu, mengine ya zamani, mengine mekundu. "Na haya?"

"Hizo ni sindano tu, daktari," alisema Fundi.

Nikamwelewa, maana hata sisi mezani mwiba hatuuhesabu. Fundi gani wa nguo atakuambia ameumia kwa sababu sindano imemchoma?

Daktari alieleza polepole, na nilishika kila neno. Kijidudu hicho hukaa kwenye maji ya samaki, hata ya sanduku dogo la sebuleni, na huingia kwa kitundu chochote kwenye ngozi. Hupenda mahali penye ubaridi, kama mikononi. Vidonge vya kidole cha samaki havikiwezi, kwa hiyo Fundi atameza dawa nyingine, miezi kadhaa, asiache hata akiona amepona. Kidole huenda kikabaki kigumu kidogo, lakini mkono utarudi. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya nishike ukingo wa meza. Alisema hakiambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Si kwa taulo, si kwa sahani, si kwa kulala kitanda kimoja.

Nilifikiria lile godoro la sebuleni. Nilifikiria kikombe cha chai ninachokiweka na kukiachia. Sikumtazama Fundi, maana ningemtazama ningelia, na sikutaka kulia mbele ya wifi.

Daktari akanigeukia tena. "Na wewe mama, maana una mikwaruzo ya visu na miiba. Hujawahi kuwasafishia hao wapangaji?"

Fundi akajibu kabla yangu.

"Nilimkataza mimi," alisema. "Niliogopa shombo lake litawaua."

Wifi alikuwa ameinua macho anaitazama feni ya darini, ambayo haikuwa ikizunguka. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumwambia siku ukweli utakapojulikana, maneno mazuri, niliyapanga usiku mwingi. Sikuyaona. Nilitaka kucheka, nilitaka kupiga meza, nilitaka kumshukuru mume wangu kwa kunikataza. Daktari, kabla hatujaondoka, aliniambia nisijidanganye kwamba mimi ni chuma, kwamba soko lina vijidudu vyake na vingine ni vikali kuliko hiki, nivae glavu na nikichomwa nioshe palepale. Nikaitikia.

Ile miezi miwili ya mwenyekiti ilikuwa inakaribia kuisha. Kesho yake nilifungua gunia nikavitoa visu. Jirani yangu wa meza alikuwa ametandaza mabeseni yake hadi upande wangu, akaniona, akayavuta bila kuuliza, akanisukumia ndoo ya barafu. Nilivaa glavu. Wenzangu walinitania kwamba nimekuwa muuguzi, nikawaacha wacheke.

Wapangaji nao walikuwa wamekaa bila kusafishwa, kioo kimeota ukijani, huoni hata mkia. Wifi alituma ujumbe kwamba yuko tayari kulichukua sanduku lake. Fundi hakujibu. Alikaa kwenye kiti chake mbele ya ule ukijani, mkono umefungwa bandeji, na nikajua kwamba anawapenda na anawaogopa na hajui afanye nini. Nilikwenda nikavaa glavu ndefu za mpira, zile za kushikia barafu, nikatia mikono humo nikasugua. Yeye akaniongoza kutoka mbali: hapo kwenye kona, hapo chini ya jiwe, polepole, unawatisha. Nilimwambia nimepasua samaki wengi kuliko aliokula, hawa hawanifundishi kazi. Alicheka kidogo. Bado nilikuwa na hasira naye. Nilisafisha huku nina hasira, na maji yakawa meupe.

Godoro lilirudi chumbani, lakini alilala ukingoni kabisa, kama mgeni. Nadhani aliona aibu. Mimi nami sikumsogelea. Nilikuwa sijui nimsamehe kitu gani, maana hakunifukuza wala hakunitukana. Alinyamaza tu, na kunyamaza sijui kunasamehewa vipi.

Dawa zikafanya kazi taratibu. Vinundu vikalala, kimoja baada ya kingine, vikaacha alama nyeusi, na Fundi akarudi kwenye cherehani. Jioni moja nilirudi sokoni nikapitia mlango wa nyuma kama kawaida. Nilimkuta Fundi amesimama uani, karibu na bomba, mahali ambapo hasimami kamwe saa ile kwa sababu ya ndoo yangu. Nilimuuliza kama kuna msiba. Akasema hapana. Nikavua glavu, nikachukua limau dirishani, nikatafuta kisu cha kulikatia.

Akauchukua mkono wangu. Aliushika kwa ule wake wa kulia, kile kidole kigumu kimebaki kimenyooka pembeni, hakikunjiki vizuri mpaka leo.

"Sijanawa," nikamwambia.

"Najua."

"Una matundu ya sindano, Fundi. Daktari alisema nini?"

"Leo sijashona," alisema. "Nilikuwa nakungoja."

Nikamuuliza kama nanuka. Akasema nanuka, tena sana. Limau lilikuwa kwenye mkono wangu mwingine, sijalikata, na hakuuachia ule alioushika.